Mwenye Nyumba Asiyeijua Nyumba Yake

Lipo neno moja ambalo siku hizi likitamkwa mbele yangu hunikereketa koo, nalo ni "mtalii". Neno lenyewe halina ubaya. Ubaya uko katika jinsi tulivyoligawa. Mzungu akipanda gari kutoka Dar es Salaam kwenda Iringa, akasimama njiani kuupiga picha mbuyu, tunasema yuko kwenye utalii. Mtu mwenye mvi kama mimi akipanda gari na mkewe, akasimama chini ya mbuyu uleule, watu wanaanza kuulizana: kuna nini? Amestaafishwa? Ana kesi? Anatafuta mganga? Haiwaingii akilini kwamba mtu mzima na akili zake timamu anaweza kuchoma mafuta kwa ajili ya kuiona tu nchi aliyozaliwa.

Wakubwa wetu walipoiona aibu hiyo, badala ya kuiondoa waliitafutia jina: "utalii wa ndani". Mimi jina hilo silipendi, na nitasema kwa nini. Mtu hatalii chumbani kwake. Mwenye nyumba hukagua paa, hufungua madirisha, hujua panya wanapitia wapi. Halafu, wimbo huu wa utalii wa ndani husikika kwa sauti kubwa zaidi pale wageni wanapoadimika. Mwaka 2019 waliingia nchini wageni zaidi ya 1,500,000. Mwaka 2020, kwa sababu ya korona, wakashuka hadi 620,000 hivi, na ghafla mwananchi akakumbukwa, akaimbiwa, akapunguziwa bei ya vyumba ambavyo jana yake havikuwa vyake. Filamu ya Royal Tour ya mwaka 2022, ambamo Rais mwenyewe ndiye mwongoza wageni, ilizinduliwa New York kwanza, ndipo ikaletwa Arusha. Biashara ni biashara, wateja wenye dola wako huko, na mimi sina ugomvi na muuza duka anayekwenda kumtafuta mteja. Ugomvi wangu ni kwamba watoto wa muuza duka nao wamekwisha kuamini kuwa vitu vya dukani si vyao.

Ugonjwa huu ni wa siku nyingi. Inasimuliwa kwamba mwaka 1961 Mwalimu Nyerere alisema kuwa yeye binafsi hakuvutiwa sana na wanyama, wala asingependa kuimaliza likizo yake akitazama mamba. Ila alitambua kuwa watu wa Ulaya na Marekani wana hamu hiyo, na kwamba baada ya almasi na mkonge wanyama ndio wangeiletea Tanganyika fedha nyingi kuliko kitu kingine chochote. Namheshimu sana Mwalimu, lakini hapa naomba ruhusa nibishane naye. Si kuhusu mamba. Kila mtu na macho yake. Nabishana na mgawo ule: kuona ni kwa mgeni, kupokea hela ni kwa mwenyeji. Tuliyashika maneno hayo kama sala, tukasahau kwamba aliyeyasema aliijua nchi hii kwa nyayo zake. Miaka ya 1950 aliizunguka kwa Land Rover akiitafutia TANU wanachama, na Oktoba 1967 alitembea kwa miguu kutoka Butiama hadi Mwanza kuliunga mkono Azimio la Arusha. Nani kati ya waheshimiwa wanaotuhimiza leo amewahi kutembea kwa miguu hata kutoka Kibaha hadi Mlandizi?

Turudi kwetu sisi wadogo. Sheria inampa mfanyakazi siku 28 za likizo kwa mwaka. Ndugu msomaji, hebu niambie, siku hizo unazifanyia nini? Nitakujibu mwenyewe: unakwenda nyumbani. Kila Desemba barabara ya Moshi hujaa magari kama siafu (Wachaga watanisamehe, sisi wengine tunafanya hayohayo kwa mabasi), na kila mmoja amebeba sukari, sabuni, vitenge na bahasha. Mimi siidharau safari hiyo. Wazazi wangu niliwazika kwa kuijua njia ya kwetu. Lakini tuseme kweli: hiyo si likizo, ni safari ya kwenda kutoa hesabu. Unafika, unasomewa orodha ya ada za shule na mabati, unasuluhisha mgogoro wa mpaka wa shamba, unarudi mjini umekonda na una deni. Na mkeo? Mkeo alikuwa jikoni. Kama ni kwenu, alikuwa jikoni kwa mama mkwe. Kama ni kwao, wewe ulikaa barazani kama mgeni wa heshima na yeye akawa jikoni kwa mama yake. Siku 28 mmelala nyumba moja na hamjazungumza nusu saa.

Sasa nitasema jambo litakalowaudhi wanaume wenzangu, na waudhike. Katika miji yetu mke wa ndoa hupelekwa msibani, nyumba ndogo hupelekwa ufukweni. Huyo wa pili ndiye anayeijua Bagamoyo, ndiye aliyekula samaki Mwanza huku akiangalia ziwa, ndiye aliyepanda boti kwenda Zanzibar. Wa kwanza, aliyezaa na kulea na kuficha umaskini wa nyumba kwa miaka thelathini, akitajiwa Mbeya anakumbuka matanga ya shangazi yako. Halafu tunashangaa kwamba wazee wakistaafu, watoto wakishaondoka, nyumba inabaki na watu wawili wanaosikiliza redio mbili.

Mke wangu na mimi tulioana mwaka 1992. Mwezi Julai 2023 tulitia ndoo, mkeka, jiko dogo la gesi na gurudumu la akiba katika RAV4 yetu kuukuu, tukaondoka Dar es Salaam kuelekea Mbeya, Rukwa, Katavi na Kigoma, tukarudi kwa njia ya Tabora na Dodoma. Siku 19, kilomita 3,800 na kidogo. Hatukuwa na harusi huko, wala msiba, wala semina, wala kiwanja.

Habari ya kwamba hatuna shughuli huko ndiyo iliyowasha moto. Kaka yangu mkubwa alinipigia simu mara tatu. Mara ya kwanza aliuliza nani amefariki. Mara ya pili aliuliza kama nina siri. Mara ya tatu alinikumbusha kuwa mtembezi hula miguu yake. Nikamjibu kuwa mkaa bure si sawa na mtembea bure, akakata simu. Dada yangu yeye hakunipigia mimi, alimpigia wifi yake, akamwambia kwa upole wa kutisha: "Wifi, fedha hizo si mngemalizia choo cha nyumba ya mama?" Choo cha nyumba ya mama kilikwisha zamani. Ninayo picha yake.

Na kwa kuwa hoja ya fedha ndiyo ngao ya kila mpinzani wa jambo hili, nitaweka hesabu yangu mezani. Mafuta yalikula shilingi milioni moja na laki moja. Vyumba, kwa wastani wa 40,000 kwa usiku, laki saba na ishirini elfu. Chakula 30,000 kwa siku kwa watu wawili, na tulikula vizuri. Viingilio, tairi moja na vijisenti vya hapa na pale, laki mbili. Jumla haikufika milioni mbili na laki sita. Mwaka uleule tulipokea kadi za michango ya harusi kumi na moja, bila kuhesabu sendofu na kitchen party, na hakuna ndugu hata mmoja aliyenipigia simu kuniuliza kama ninafuja mali. Naweza kumchangia mtoto wa jirani wa zamani wa rafiki yangu laki na nusu ili ukumbi upambwe vitambaa vya rangi mbili, nikaitwa mtu wa watu. Nikimnunulia mke wangu sahani ya migebuka pale Kigoma nimekuwa mfujaji.

Asiyekuwa na uhakika wa mlo wa jioni sizungumzi naye hapa. Huyo ana hoja nyingine, nzito kuliko yangu. Nazungumza na wewe mwenye gari linalokwenda kazini na kurudi, linalolala nje ya baa Ijumaa, na lisilowahi kuvuka Chalinze ila likiwa na jeneza mbele yake.

Barabara yenyewe ni shule. Mikumi, kwa mfano, huhitaji hata kuingia hifadhini. Barabara kuu inakatiza katikati ya hifadhi kwa kilomita 50, na ukienda mwendo wa 50 unawaona twiga, pundamilia na tembo bila kulipa hata senti. Upo ubao unaoorodhesha faini ya kila mnyama utakayemgonga. Mke wangu aliusoma wote, kisha akauliza mbona binadamu hayumo. Na kwa kuwa watu wote wanawalaani askari wenye tochi, mimi nawatetea: mwendo wa 50 vijijini ndio mwendo wa kuiona nchi. Kwa 50 unaona nani anauza vitunguu na nani anauza asali. Kwa 120 unaona mgongo wa lori.

Lakini watu wetu wenyewe hawajajiandaa kutupokea. Penye geti la hoteli moja ya kifahari, tulikotaka kunywa chai tu, mlinzi alinisogelea dirishani akaniuliza: "Mzee, wageni wako wako wapi?" Alidhani mimi ni dereva. Nikamwambia mgeni ni huyu hapa. Akamwangalia mke wangu, akaangalia kiti cha nyuma, akachungulia tena, akitafuta Mzungu aliyejificha chini ya mkeka. Simlaumu kijana. Kwa miaka yote aliyosimama pale, hakuna aliyemfundisha kuwa ngozi kama yake inaweza kuingia na kukaa kwenye kile kiti cha kamba.

Katika mji mmoja wa magharibi, ambao sitautaja, mambo yalikuwa mazito zaidi. Tulifika jioni, tumejaa vumbi. Msichana wa mapokezi aliniangalia mimi tu, akauliza kwa sauti ya chini: "Mzee, mtalala au mtapumzika?" Nikasema tutalala, siku mbili. Akafungua daftari, akaandika jina langu, kabila, nilikotoka na niendako. Kisha akaelekeza kalamu upande wa pili, bila kumtazama, akasema: "Na huyu mgeni wako, aandikwe?" Mke wangu alitoa miwani kwenye pochi, akaivaa polepole kama anayetaka kusahihisha madaftari, akasema: "Mwanangu, huyu mimi ndiye niliyemleta. Anza kuniandika mimi, halafu ndiyo uandike na mgeni wangu." Binti wa watu aliona haya hadi akatuletea maji ya moto bila kuombwa. Na hata huyo simlaumu. Yeye anasoma kitabu tulichokiandika sisi wanaume. Kama wanandoa wangekuwa wanafika mapokezi pale kila wiki wakiwa na ndoo na mkeka, swali lile lingekufa lenyewe.

Mke wangu amefundisha historia na jiografia sekondari kwa miaka 28. Kila mtoto aliyesoma kidato cha kwanza nchi hii anaijua ile orodha ya maeneo ya Zama za Mawe: Olduvai, Isimila, Kondoa Irangi, Kalambo. Inaimbwa kama tenzi za kanisani. Muulize mtoto huyo Isimila iko wapi, atakwambia Iringa. Muulize ni mbali gani kutoka barabarani, atanyamaza, na mwalimu wake atanyamaza naye, kwa sababu mwalimu alifundishwa na mwalimu aliyenyamaza. Isimila haifiki nusu saa kwa gari kutoka Iringa mjini, karibu kabisa na barabara kuu ya kwenda Mbeya. Mabasi ya wanafunzi wanaokwenda michezoni hupita pale.

Kalenga nako ni vilevile. Fuvu la Mtwa Mkwawa liko pale, katika makumbusho madogo. Mkwawa aliwashinda Wajerumani Lugalo mwaka 1891, akajiua mwaka 1898 ili asikamatwe, kichwa chake kikapelekwa Ujerumani. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, uleule uliomaliza Vita Kuu ya Kwanza, una kifungu kinachoitaka Ujerumani ilirudishe fuvu hilo, nalo halikurudi hadi mwaka 1954. Mataifa makubwa yalikaa mezani yakaandika habari za kichwa cha Mhehe. Sisi tunaokatiza Iringa kwa basi tunanunua nyanya, tunarudi kwenye viti. Siku tuliyofika tulikuwa wawili, na kitabu cha wageni kilionyesha kuwa waliotutangulia wengi wao walitoka ng'ambo.

Kalambo ndiko nilikokwenda hasa kwa ajili yake. Kutoka Sumbawanga unapita Matai, kisha vumbi, kisha unasikia kabla ya kuona. Mto unafika ukingoni mwa uwanda wa juu na kuanguka kwa mkupuo mmoja zaidi ya mita 200; upande huu Tanzania, upande ule Zambia, na maji hayaulizi pasipoti yanapokwenda zake Ziwa Tanganyika. Mke wangu alikaa juu ya jiwe. Nilidhani amechoka. Baada ya muda mrefu akasema: "Hivi wewe unajua mimi nimewachora watoto mto huu ubaoni kwa chaki miaka 28? Chaki nyeupe." Akanyamaza tena. Nilimwangalia yule mwanamke, nikatambua kwamba katika miaka yote ile sikuwahi kumwona akikitazama kitu ambacho si wajibu wake.

Miezi miwili baada ya kurudi, Septemba 2023, wanasayansi walitangaza kwamba upande wa Zambia, juu kidogo ya maporomoko hayo, wamepata magogo mawili yaliyochongwa na kuunganishwa kwa kukatwa pengo, yenye umri usiopungua miaka 476,000. Ni kazi ya useremala ya zamani kuliko zote zinazojulikana duniani, na ni ya kale kuliko binadamu wa aina yetu. Habari hiyo ilizunguka ulimwengu mzima. Mke wangu aliipeleka darasani, na mara hii hakuchora kwa chaki, alisimulia. Aliniambia kuwa mvulana mmoja aliuliza nauli ya kutoka Dar es Salaam hadi Sumbawanga. Katika miaka 28 hakuwahi kuulizwa nauli ya kwenda mahali popote palipo kwenye muhtasari.

Kwa hiyo wanaponiambia kuwa safari yetu ilikuwa anasa, nawauliza: ni anasa kwa mwalimu kukiona anachokifundisha? Shule zetu zina fedha ya chaki na karatasi za mitihani, hazina fedha ya basi la kwenda kilomita ishirini. Wizara zinazunguka na semina, posho zinalipwa, walimu wanalala hotelini siku tano wakiangalia ukutani maandishi ya mbinu shirikishi, na Isimila iko nje ya mji inawasubiri. Ningekuwa na amri ningefuta semina moja kati ya tatu, nikawapa mafuta.

Ya Ujiji sitayasema mengi. Stanley na Livingstone walikutana pale mwaka 1871 na ulimwengu haujaacha kuwazungumzia. Kilichonigusa mimi ni miembe ya njia ya zamani, ambayo wenyeji wanaihusisha na misafara ya watumwa. Kutoka Ujiji hadi Bagamoyo watu waliitembea njia hiyo kwa miguu, wengine na minyororo shingoni, nasi tukaikaribia tena na tena kwa gari tulipokuwa tukirudi kwa Tabora na Dodoma. Tulikuwa na maji baridi kwenye kidumu, na kuanzia Tabora hadi Manyoni hatukuwasha redio.

Kuna wanaosema mambo haya ni ya Kizungu: mume na mke kuongozana, kushangaa jua likizama, kula mezani wawili. Naambiwa hivyo na watu waliovaa suti kwenye harusi ya keki ya ngazi saba. Babu yangu alitembea na bibi yangu siku nne kwenda kuhemea chumvi, na bibi alinihadithia mito yote waliyovuka, kila mto na jina lake, hadi alipokuwa hawezi tena kuona. Hakumsikia Mzungu yeyote akimfundisha. Sisi ndio kizazi kilichopewa lami tukapoteza majina ya mito.

Mwaka huu, Mungu akijalia, tunakwenda kusini: Kilwa, Lindi, Masasi, hadi Songea walikonyongewa mashujaa wa Maji Maji mwaka 1906. Mke wangu amekwisha kustaafu na ndiye anayeshika ramani. Kaka amepata habari. Amepiga simu jana kuuliza nani amefariki huko, na nilipomwambia kuwa hakuna, alikaa kimya kidogo, kisha akauliza kama kiti cha nyuma kina mtu.